Bonde Linapozama: Mabwawa ya Milimani na Mimea Itumiwayo na Wenyeji

Bwawa kubwa linapojengwa, hesabu za kwanza kutangazwa ni kimo cha ukuta, wingi wa maji yatakayohifadhiwa na nguvu ya umeme itakayopatikana. Baadaye huja hesabu za nyumba zitakazohamishwa na mashamba yatakayozama. Ni mara chache sana hesabu hizo hufika kwenye majani ya kikohozi yaliyokuwa yakichumwa kando ya kijito, mizizi iliyokuwa ikichimbwa kwa ajili ya tumbo la mtoto, mboga za mwitu zilizokuwa zikichumwa mvua zinapoanza, au nyasi za kusokotea kamba. Vitu hivyo havina hati wala bei ya dukani, na mwenye navyo hawezi kutajwa kwa jina moja, kwa kuwa ni mali ya kijiji kizima. Hata hivyo, kwa watu wa milimani, walio mbali na duka na hospitali, hivyo ndivyo duka lao na sehemu ya hospitali yao.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa njia ya elimu ya mimea, mambo yanayoipata mimea ya namna hiyo mto unapozuiwa. Mfano mkuu umetolewa katika milima ya Lesotho, ambako mabwawa mawili makubwa yamekwisha kujengwa na la tatu likafuata. Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani, katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Msomaji ataona kwamba kuzama kwa mimea chini ya maji ni sehemu moja tu ya habari yenyewe, na pengine si sehemu iliyo kubwa kuliko zote.

Nchi ya milima na mradi wake wa maji

Lesotho ni nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Sehemu yake ya chini kabisa iko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele chake kirefu, Thabana Ntlenyana, hufikia meta 3,482. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni miamba ya volkeno iitwayo basalti. Majira ya baridi huleta jalidi na theluji. Majira ya joto huleta mvua zinazojaza mito. Mto mkuu ni Senqu, ambao ukishaingia Afrika Kusini huitwa Orange.

Tarehe 24 Oktoba 1986 serikali za Lesotho na Afrika Kusini zilitia sahihi mkataba wa kuyazuia maji ya mito ya milimani na kuyapeleka kwa mahandaki hadi Afrika Kusini, ambayo ingelipa kwa maji hayo. Bwawa la kwanza, Katse, lilijengwa katika mto Malibamatso. Ukuta wake una kimo cha meta 185, lilianza kujazwa mwaka 1995, na linaweza kuhifadhi meta za ujazo milioni 1,950. La pili, Mohale, lenye ukuta wa meta 145, lilijengwa katika mto Senqunyane na likaanza kujazwa mwaka 2002. Maji hayo huzungusha pia mitambo ya umeme ya 'Muela, yenye nguvu ya megawati 72. Mwezi Mei 2023 ulizinduliwa rasmi ujenzi mkuu wa awamu ya pili, ambayo bwawa lake, Polihali, limekusudiwa kufunika takriban hekta 5,000 za mabonde ya Senqu na Khubelu.

Si haki kuutaja mradi huu kwa hasara zake peke yake. Umeiletea Lesotho fedha za kila mwaka, umeme, na barabara katika sehemu ambazo zamani zilifikiwa kwa farasi. Lakini faida huenda kwa taifa zima na kwa miji ya mbali, ilhali hasara nyingi hubaki bondeni. Ndiyo maana hapana budi hasara hizo zijulikane sawasawa, kabla ya mtu yeyote kusema kwamba zimelipwa.

Mimea na kazi zake

Katika milima ya Lesotho miti ni adimu. Miteremko imefunikwa na nyasi na vichaka vifupi, hata watu wengi hupikia samadi iliyokaushwa. Kwa hiyo mabonde ya mito yana thamani isiyolingana na ukubwa wake. Huko udongo ni wa kina zaidi, unyevu hudumu, na magenge huikinga mimea na upepo na moto. Aina nyingi za mimea isiyoweza kustahimili ukame wa mteremko ulio wazi hujificha huko.

Wasotho wana majina na matumizi ya mimea hiyo tangu zamani. Cheche, unaoitwa kitaalamu Leucosidea sericea, ni mti mdogo uotao kando ya vijito na makorongo, nao ni mmoja wa miti michache ya milimani ifaayo kwa kuni. Lengana, yaani Artemisia afra, ni mmea wenye harufu kali wa jamii ya pakanga. Majani yake huchemshwa kwa mafua na kikohozi. Mmea huu huota pia katika milima ya Tanzania na Kenya. Koena ni jina la mnanaa wa mwitu upendao kuota pembeni mwa maji, nao pia hunywewa kwa mafua. Mizizi ya khoaara, yaani Pelargonium sidoides, hutumiwa kwa maradhi ya kifua na ya tumbo. Lesoko, yaani Alepidea amatymbica, huchimbwa mizizi kwa ajili ya mafua na kifua. Phefo, wa jamii ya Helichrysum, hufukizwa ndani ya nyumba.

Mbali na dawa, kuna mboga za mwitu, ambazo kwa jumla huitwa moroho. Baadhi yake huota mashambani kama magugu, na nyingine hupenda mahali penye majimaji kandokando ya mito. Kuna nyasi ngumu za kusokotea kamba na kufanyia mafagio, nyasi za kuezekea, na matete ambayo hufanyiwa ua wa mbele ya nyumba uitwao seotloana.

Mwanafunzi atazame orodha hii kwa makini na ajiulize kila mmea huota mahali gani. Atagundua makundi matatu: mimea ya ukingo wa maji, mimea ya chini ya bonde pamoja na mashamba yake, na mimea ya miteremko. Bwawa huligusa kila kundi kwa njia yake.

Njia ya kwanza: kuzama

Watu wengi hudhani kwamba mmea hauwezi kufa kwa maji mengi, kwa kuwa maji ndiyo uhai wake. Lakini mizizi hupumua kama sisi tupumuavyo: hutumia oksijeni ili kuchoma sukari na kupata nguvu ya kufyonza chumvi za ardhini. Katika udongo wa kawaida oksijeni hupita katika nafasi zilizopo kati ya chembe za udongo. Udongo ukizama, nafasi hizo hujaa maji, na oksijeni husafiri katika maji polepole sana, takriban mara 10,000 polepole zaidi kuliko katika hewa. Vijidudu vya udongoni humaliza upesi ile kidogo iliyokuwamo. Mizizi hukosa nguvu, huanza kuoza, na majani hunyauka ijapokuwa mmea umesimama majini.

Matete na mimea mingine ya majimaji ina mirija ya hewa ndani ya shina na mizizi, nayo hupeleka oksijeni chini. Lengana na khoaara hazina kinga ya kiasi hicho. Maji yakizifunika kabisa, hukosa pia mwanga wa kutosha kutengeneza chakula.

Mtu anaweza kusema kwamba mimea ya ukingoni itapanda tu na kuota katika ukingo mpya wa bwawa. Ingekuwa hivyo kama ukingo huo ungetulia. Maji ya bwawa hupanda wakati wa mvua na hushuka yanapotumiwa, na tofauti kati ya kimo cha juu na cha chini huweza kuwa meta nyingi. Kwa hiyo hutokea mkanda ambao kwa miezi kadhaa uko chini ya maji, na kwa miezi mingine umeachwa mkavu juani. Mmea wa nchi kavu hufa wakati wa maji. Mmea wa majimaji hufa wakati wa ukavu. Mawimbi nayo huusomba udongo na kuacha mawe. Ndiyo maana mabwawa mengi ya milimani yamezungukwa na mkanda mtupu. Ukingo wa mto uliozama haukuhamia juu, bali umepotea.

Njia ya pili: mto ulio chini ya ukuta

Hasara ya pili huwapata watu ambao hawakuhamishwa, wala mashamba yao hayakuzama, kwa kuwa wanaishi kuteremka mto, ng'ambo ya ukuta.

Mkataba wa mwaka 1986 uliagiza kwamba maji yatakayoachiwa mara baada ya Katse yasipungue lita 500 kwa sekunde, na baada ya Mohale yasipungue lita 300 kwa sekunde. Na tufanye hesabu. Siku moja ina sekunde 86,400. Lita 500 kwa sekunde ni meta za ujazo 43,200 kwa siku, yaani karibu milioni 15.8 kwa mwaka. Kwa Mohale tunapata karibu milioni 9.5. Jumla ni karibu milioni 25 kwa mwaka. Kiasi kilichopangwa kupelekwa Afrika Kusini kutokana na awamu ya kwanza ni karibu milioni 780 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba, kwa kila meta 100 za ujazo zilizopelekwa ng'ambo, mito yenyewe ilihakikishiwa kwa mkataba meta 3 hivi chini ya kuta hizo.

Lakini wingi wa maji si jambo la pekee. Mto wa milimani una majira yake: hupungua wakati wa baridi, hufurika wakati wa mvua, kisha hutulia. Mimea ya ukingoni imezoea mwendo huo kama vile mkulima alivyozoea vuli na masika. Chukua miti ya jamii ya Salix, ambayo huota kando ya mito mingi ya kusini mwa Afrika. Mbegu zake ni ndogo sana na hazina akiba kubwa ya chakula. Hufa katika siku chache au majuma machache. Ili ziote, hapana budi zianguke juu ya tope jipya, lililo wazi na lenye unyevu, ambalo furiko limeliacha lilipokuwa likipungua. Furiko likikosekana, hakuna tope jipya. Aidha, bwawa hunasa mchanga na udongo uliokuwa ukichukuliwa na mto, hata maji yanayotoka chini ya ukuta huwa hayana cha kuacha ukingoni, bali huula ukingo wenyewe. Miti mikubwa iliyopo huendelea kuishi kwa miaka mingi, na mpita njia hudhani kwamba hakuna kilichobadilika. Mwenye macho ya elimu ya mimea hutafuta miche, asiione.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifanywa utafiti mkubwa juu ya mito ya Lesotho iliyo chini ya mabwawa hayo. Watafiti hawakupima maji na samaki tu, bali pia matumizi ya watu wa kandokando: kuni, mboga za mwitu, dawa, matete na nyasi. Kutokana na kazi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikubaliwa sera mpya ya kuachia maji mengi zaidi, na kuyaachia kwa kufuata majira. Hili ni fundisho kubwa. Mimea haikuweza kujisemea, lakini ilipohesabiwa, hata agizo la mkataba likaonekana kuwa halitoshi.

Mfano wa Kihansi

Hapa Tanzania tunao mfano ulio wazi kuliko wote wa athari za kuteremka mto. Mto Kihansi huporomoka kutoka milima ya Udzungwa katika korongo lenye maporomoko makubwa. Kabla ya kujengwa kituo cha umeme chenye nguvu ya megawati 180, manyunyu ya maporomoko hayo yaliilowesha miteremko ya korongo usiku na mchana, na pakawa na mbuga ndogo za majani mororo zisizokauka mwaka mzima. Humo, mwaka 1996, aligunduliwa chura mdogo ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani.

Kituo kilipoanza kazi, mwishoni mwa mwaka 1999 na mwaka 2000, sehemu kubwa kabisa ya maji iligeuzwa na kupitishwa mahandakini. Bwawa lenyewe ni dogo, na ardhi iliyozama ni kidogo. Lakini manyunyu yalikatika. Mimea ya majimaji ilirudi nyuma na mimea ya nchi kavu ikaingia mahali pake. Iliwekwa mitambo ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu ya asili, lakini chura wale walitoweka korongoni, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa hawapo tena katika mazingira yao. Waliosalia walikuwa wamechukuliwa mapema na kufugwa Marekani. Vizazi vyao vilianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Habari za chura zimejulikana duniani kote. Habari za mimea hazikuvuma hivyo. Katika korongo hilo hilo kuna aina ya mbuni wa mwitu, Coffea kihansiensis, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 2004 tu, miaka kadhaa baada ya maji kugeuzwa. Fikiri: nchi ambayo wakulima wake wengi huishi kwa kahawa ilikuwa na jamaa wa kahawa asiyejulikana bado, mahali ambapo kazi ya ujenzi ilikwisha kumalizika. Orodha ya mimea ilikamilishwa baada ya uamuzi, ilhali ilipaswa kuutangulia.

Njia ya tatu: mteremko uliobaki

Sasa tufike kwenye hasara isiyoonekana kirahisi. Watu walionyimwa bonde hawaachi kukohoa wala kupika. Huendelea kuhitaji dawa na kuni zile zile, nao huzitafuta mahali palipobaki. Mifugo nayo husukumwa juu. Tuonyeshe kwa hesabu ya kubuni, ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni.

Tuseme kijiji kina sehemu tatu zenye mmea fulani wa dawa, unaochimbwa mizizi, na kila sehemu ina mimea 1,000. Jumla ni 3,000. Tuseme tena kwamba kwa kila mimea 100, mimea mipya 10 huota na kukomaa kila mwaka. Kwa hiyo hupatikana mimea mipya 300. Wanakijiji huchimba 270. Mradi hawazidishi, mmea hauishi.

Bwawa linaizamisha sehemu moja. Imebaki mimea 2,000, ambayo huzaa 200 kwa mwaka. Lakini mahitaji hayakupungua; wanakijiji bado huchimba 270. Mwaka wa kwanza idadi hushuka hadi 1,930. Mwaka wa pili hushuka hadi 1,853. Mwaka wa tano imefika karibu 1,573, na mwaka wa kumi karibu 884. Katika mwaka wa kumi na tano mmea umekwisha kabisa.

Tazama vema jambo lililotokea. Bwawa lilizamisha theluthi moja tu, na mkaguzi aliyekuja siku ya kujazwa kwa maji angeandika kwamba theluthi mbili zimesalimika. Naye hangekuwa amesema uongo. Lakini theluthi hizo mbili zilikufa baadaye, kwenye mteremko mkavu, meta nyingi juu ya maji. Ni dhahiri kwamba hasara haiwezi kupimwa kwa eneo lililozama peke yake. Lazima ipimwe pia kwa uwiano kati ya kile kinachoota na kile kinachochukuliwa.

Barabara za mradi huongeza uzito upande mmoja wa mizani. Mahali palipofikiwa kwa farasi sasa hufikiwa kwa lori, na mnunuzi wa mizizi huja na magunia. Mizizi ya khoaara, kwa mfano, hutafutwa na viwanda vya dawa vya Ulaya. Katika hesabu yetu hapo juu, soko likiongeza uchimbaji kutoka 270 hadi 400, mmea hautangoja miaka kumi na mitano.

Je, mimea inaweza kuokolewa?

Kabla ya bonde la Mohale kujazwa maji, mimea ilikusanywa huko na kuhamishiwa Katse, na kutokana na kazi hiyo ikaanzishwa bustani ya mimea ya Katse. Miongoni mwa mimea yake mashuhuri ni shubiri ya mzunguko, Aloe polyphylla, ambayo kwa asili huota Lesotho peke yake. Majani yake hujipanga kwa mistari mitano inayozunguka kama parafujo, mingine kuelekea kulia na mingine kushoto. Uzuri huo umekuwa balaa kwake, kwa kuwa wengi wameing'oa ili kuiuza. Leo biashara yake imewekewa masharti makali kabisa ya mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini kutoweka.

Bustani kama hiyo ni kazi njema, na wanafunzi wetu wangefaa kuijua. Lakini tusidhani kwamba bustani hulipa bonde. Kuna sababu nne.

Kwanza, mimea mingi haipendi kuhamishwa. Shubiri ya mzunguko imezoea miteremko mikali ya basalti, ambako maji hupita haraka na hayatuami mizizini. Ikipandwa mahali tambarare huoza upesi.

Pili, mimea michache hubeba sehemu ndogo tu ya urithi wa aina yake. Katika bonde lenye maelfu ya mimea, mmoja hustahimili jalidi, mwingine ukame, mwingine ugonjwa wa ukungu. Ukichukua kumi, huenda umeacha nyuma sifa ambayo kizazi kijacho kingeihitaji. Kwa hiyo ni afadhali kukusanya mbegu kutoka mimea mingi ya mahali pengi, kuliko kung'oa mimea mikubwa michache iliyo mizuri.

Tatu, dawa iliyomo katika mmea haitokani na jina lake. Kemikali nyingi ambazo binadamu huzitumia kama dawa hutengenezwa na mmea kwa ajili ya kujikinga na wadudu, jua kali, baridi au ukame. Mmea uliotunzwa bustanini kwa maji na mbolea huweza kunenepa majani, huku kemikali hizo zikipungua. Waganga wa jadi wasemapo kwamba dawa ya mlimani haifanani na ya bustanini, wakati mwingine wanasema jambo ambalo maabara huweza kulithibitisha.

Nne, mmea bustanini umetengana na watu. Mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kusafiri siku nzima hadi bustani yenye ukuta na mlinzi. Na kijana asiyeuona mmea mahali unapoota hatajifunza jina lake, wala majira ya kuuchuma, wala kipimo chake. Mmea huweza kubaki hai huku elimu yake ikifa.

Swali la fidia

Katika mradi wa Lesotho, wenye mashamba yaliyozama waliahidiwa malipo ya kila mwaka kwa miaka 50. Shamba lina mipaka na mavuno yanayoweza kukadiriwa. Dawa, kuni na mboga za mwitu hazina mipaka hiyo, na fidia yake huwa ngumu kuliko zote.

Ugumu mmoja ni kwamba fedha hupewa watu wachache, mara nyingi wakuu wa nyumba, ilhali wachumaji wa mboga na kuni ni akina mama na watoto. Ugumu wa pili ni kwamba fedha hulipwa kwa muda, na mmea ulikuwa ukijizaa wenyewe bila kikomo. Ugumu wa tatu ni kwamba kitu ambacho hakikuandikwa kabla ya maji kujaa hakiwezi kudaiwa baadaye. Maji yakishafunika bonde, neno la mzee haliwezi kwenda kuthibitishwa.

Kwa maoni ya mwandishi, fidia inayofaa zaidi kwa mimea ni mimea: vitalu vya vijiji vinavyomilikiwa na wanavijiji wenyewe, karibu na wanakoishi, vyenye cheche ya kuni, lengana ya kikohozi na nyasi za kamba, pamoja na kuachiwa kwa maji ya mto kwa kufuata majira. Vitalu vianzishwe miaka kadhaa kabla ya maji kujazwa, ili mzigo usiangukie miteremko iliyobaki. Tukirudi kwenye hesabu yetu, kitalu kinachotoa mimea 90 kwa mwaka kinatosha kushusha uchimbaji wa mlimani kutoka 270 hadi 180, na mimea 2,000 iliyosalia haitapungua, bali itaongezeka kidogo kidogo. Tofauti kati ya kuwapo na kutoweka imekuwa ni mimea 90 kwa mwaka.

Kazi kwa shule

Nchi yetu ina milima mingi yenye mito, na mabwawa mengine yatajengwa, kwa kuwa umeme na maji vinahitajiwa. Shule ya sekondari iliyo karibu na mto inaweza kufanya kazi yenye manufaa hata bila vifaa vya ghali. Wanafunzi wachague kipande cha ukingo cha meta 100 na mteremko ulio juu yake. Kwa kila mmea utumiwao waandike jina la kienyeji, mahali unapoota, sehemu inayotumiwa, majira ya kuchumwa, na idadi ya mimea mikubwa na ya miche. Wakaushe mfano mmoja kati ya magazeti, chini ya mbao zenye uzito, na kuuandikia mahali na tarehe. Wazee na waganga waulizwe kwa heshima. Na wakitaka siri ya dawa isiandikwe, isiandikwe. Jina la mmea na mahali unapoota vinatosha. Kazi hii irudiwe kila mwaka, mwezi ule ule, na daftari lihifadhiwe shuleni.

Daftari hilo linaweza kukaa miaka ishirini bila kuhitajiwa. Lakini siku wahandisi watakapofika na ramani zao, kijiji hakitajibu kwa kumbukumbu za wazee peke yake. Kitakuwa na hesabu ya kuweka mezani kando ya hesabu zao.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ukingo wa bwawa hauwezi kuwa makazi ya mimea iliyokuwa ikiota ukingoni mwa mto?

2. Katika mfano wa mimea 2,000, tafuta idadi kubwa kabisa inayoweza kuchimbwa kila mwaka bila mmea kupungua. Kisha hesabu miaka ambayo mmea utadumu kama mimea 400 ikichimbwa kila mwaka.

3. Bwawa la Kihansi lilizamisha ardhi ndogo tu. Eleza kwa nini athari zake kwa viumbe zilikuwa kubwa.

4. Taja mimea mitatu ya kando ya mto wa kwenu inayotumiwa na watu. Ni upi kati yake ungeathiriwa kwanza kama mafuriko ya kila mwaka yangekoma? Toa sababu.